Mafuta ya lavenda kwenye ngozi: vipimo, chupa iliyochacha, na madoa yanayobaki (uzi kwa watengenezaji na watumiaji)

Mchanganyaji_Tanga

Wadau, habari za saa hizi. Maswali ya lavenda yamekuwa mengi na jibu linalozunguka kila mahali ni "tia matone kadhaa". Matone kadhaa si kipimo. Uzi huu ni wa vipimo, kwa anayejichanganyia mafuta nyumbani na kwa anayeuza.

Tunazungumzia mafuta yanayokenekwa kwa mvuke kutoka kwenye maua ya Lavandula angustifolia. Ni mepesi, yanaruka hewani, na sehemu kubwa yake ni viungo viwili: linaloli na linalili asetati. Kiwango cha dawa cha Ulaya kinataka linaloli iwe asilimia 20 hadi 45, linalili asetati 25 hadi 47, na kafuri isizidi 1.2. Shikeni hiyo namba ya kafuri, tutairudia.

Mafuta haya hayapakwi yenyewe kwenye ngozi. Yanachanganywa na mafuta ya msingi:

- Uso: asilimia 0.5. Ngozi inayowasha kirahisi, 0.25 au acha kabisa.
- Mwili: asilimia 1. Mbili ni mwisho, na hiyo ni kwa mafuta ya kukandia misuli, si ya kupaka kila siku.
- Bidhaa ya kuosha na kusuuza: 1 mpaka 2. Sabuni ya mche ina hesabu yake.

Mafuta ya uso ya gramu 50: mafuta ya msingi gramu 49.5, vitamini E gramu 0.25, lavenda gramu 0.25. Mafuta ya mwili ya gramu 100: msingi 98.5, vitamini E 0.5, lavenda 1.

Pima kwa uzito. Mizani ya sonara inayosoma 0.01 inatosha. Tone halina ukubwa mmoja: vitabu vinasema matone 20 kwa mililita, lakini kizibo chenye tundu jembamba kinaweza kutoa 30 au zaidi. Kama huna njia nyingine ila matone, dondosha 20 juu ya mizani, gawanya uzito kwa 20, ndipo ujue tone la chupa hiyo lina gramu ngapi. Mfano, matone 20 yakipima gramu 0.60, tone moja ni 0.03, na gramu 0.25 ni matone 8. Chupa mpya, kizibo kipya, unapima tena.

Mafuta ya msingi: alizeti na ufuta ni mepesi na yanapatikana kila soko. Parachichi ni mazito kidogo, mazuri kwa ngozi kavu. Nazi kwa mwili sawa, kwa uso wenye chunusi hapana, yanaziba vinyweleo. Nyonyo yanata, usizidishe robo ya mchanganyiko.

---

Kemia_ya_Ngozi

Mchanganyaji ameanza vizuri. Naongeza jambo ambalo kwa hali ya hewa yetu ndilo kubwa kuliko yote: kuchacha.

Linaloli mbichi ni mpole kwa watu wengi. Ikikutana na hewa inabadilika kidogo kidogo kuwa haidroperoksaidi, na hizo ndizo zinazoamsha mzio wa ngozi. Linalili asetati nayo inafuata njia hiyohiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, wameifanyia kazi hii kwa miaka mingi, na ndiyo sababu madaktari wa ngozi wanaopima mzio wa manukato hutumia linaloli iliyokwisha kuchacha. Wakipima kwa mbichi, wagonjwa wengi wangepita bila kugundulika.

Maana yake ni kwamba chupa iliyokupenda mwaka jana inaweza kukuumiza mwaka huu, na hukubadilisha kitu. Kilichobadilika kimo ndani ya chupa.

Kinachoharakisha: hewa, joto, mwanga. Chupa ya mililita 100 inayofunguliwa kila siku na kubaki robo ina hewa nyingi kuliko mafuta. Chumba cha Dar au Mombasa mwezi wa pili kina joto hata usiku. Kwa hiyo:

Nunua chupa ndogo, mililita 10. Ukinunua kubwa, igawe siku hiyohiyo kwenye vichupa vya kioo cheusi au cha kahawia, ujaze mpaka shingoni. Weka kwenye friji, mlangoni panatosha. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu isiyofutika. Baada ya miezi 12 tangu kufunguliwa isiende tena kwenye ngozi. Tumia kwa kusafishia sakafu au kunukishia kabati.

Pua itakusaidia kidogo tu. Lavenda iliyochacha sana inapoteza utamu wa juu na kubaki na ukali kama wa tapentaini, lakini mzio unaweza kuanza kabla harufu haijabadilika. Tarehe ndiyo ya kuamini.

---

BintiPwani

Nashukuru wataalamu. Swali: dukani kuna chupa mbili, zote zimeandikwa Lavender Oil, moja bei yake mara nane ya nyingine. Nitajuaje ya kweli?

---

Msambazaji_NBO

Dada BintiPwani, soma nyuma ya chupa kabla ya kunusa.

Ukiona "paraffinum liquidum" na "parfum", hayo ni mafuta ya petroli yaliyotiwa manukato. Hayana lavenda, au yana kiasi cha kuhesabu kwa shida. Si sumu, ila usiyatumie kwa hesabu za uzi huu. Ukiona "fragrance oil", ni manukato ya maabara. Unachotafuta ni jina kamili, Lavandula angustifolia oil, nchi ilikotoka, namba ya bechi na tarehe ya kukenekwa au ya kuisha muda. Muuzaji wa jumla anayejiheshimu atakupa ripoti ya maabara ya bechi hiyohiyo yenye asilimia za viungo. Akikupa ripoti isiyo na namba ya bechi, hiyo ni karatasi tu.

Sasa lavandini. Ni mmea chotara, Lavandula x intermedia, na aina inayolimwa sana inaitwa Grosso. Yale mashamba ya zambarau ya Valensole, Ufaransa, yanayopigwa picha na kila mtalii, mengi ni lavandini. Inatoa mafuta mengi zaidi kwa hekta, ndiyo maana ni rahisi. Si feki, ni mmea mwingine, ila kafuri yake ni asilimia 6 mpaka 8 hivi. Kwa sabuni na mafuta ya kukandia inafaa sana. Kwa mafuta ya uso hapana. Lavenda spika, Lavandula latifolia, ina kafuri na sineoli nyingi zaidi, inanuka kama mkaratusi; hiyo ni ya kifua na misuli.

Ukikuta chupa imeandikwa "40/42", ni mafuta yaliyochanganywa ili esta zake (viungo vya harufu kama linalili asetati) zifike asilimia 40 mpaka 42. Biashara ya manukato inapenda harufu isiyobadilika bechi kwa bechi. Kwa mtengenezaji wa mafuta ya ngozi, mimi nisingeinunua bila ripoti, kwa sababu hujui kilichochanganywa ni nini.

Mafuta mengi ya kweli sokoni leo yanatoka Bulgaria na Ufaransa. Yale ya Haute-Provence yana ulinzi wa jina tangu 1981 na yanatoka mashamba ya mita 800 kwenda juu. Bei yake ni ya wapenda manukato, ngozi haitaona tofauti kubwa.

Kipimo cha nyumbani kimoja kinachofaa: dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, acha siku nzima. Lavenda halisi inaruka yote au inaacha kivuli hafifu. Ikibaki duara yenye mafuta inayopitisha mwanga, imechanganywa na mafuta ya kula au ya petroli. Kumbuka kipimo hiki hakikamati linaloli ya maabara, hiyo nayo inaruka. Hapo ni ripoti tu.

---

Asha_wa_Vipodozi

Naomba tuseme wazi hapa maana wateja wanadanganywa. Je lavenda inatoa madoa ya chunusi? Inang'arisha?

---

Kemia_ya_Ngozi

Hapana kwa yote mawili. Haina kiungo kinachopunguza rangi ya ngozi. Bidhaa ya "lavenda" inayong'arisha ndani ya wiki mbili ina kitu kingine ndani, na kitu hicho mara nyingi ni haidrokwinoni, zebaki au steroidi ambayo haikuandikwa. Iacheni, na mwambieni mteja aiache.

Nataka mtu mwenye ngozi nyeusi alielewe hili vizuri. Kwa ngozi yetu, muwasho hauishii kwenye muwasho. Ngozi ikivimba au kuwa nyekundu ndani kwa ndani, seli za rangi zinaamka, na panapopona panabaki doa jeusi linalokaa miezi. Mtu anapaka lavenda tupu juu ya kipele akitarajia kikauke, kipele kinaondoka kwa siku tano, doa linabaki mpaka Idi ijayo. Ndiyo sababu nasisitiza 0.5 usoni. Waliojaribu seli za ngozi ya binadamu kwenye maabara, utafiti wa 2004, walikuta mafuta haya yanaua seli kwa asilimia 0.25. Seli za maabara hazina tabaka gumu la juu linalotukinga, kwa hiyo namba hiyo haihami moja kwa moja kwenye uso wako, lakini inatosha kukuzuia kupaka tupu kwenye kidonda, mahali paliponyolewa au palipochubuka.

Ina uwezo fulani wa kuzuia bakteria, kwenye sahani ya maabara. Kwa kipimo salama cha usoni usiitegemee kama dawa ya chunusi. Benzoili peroksaidi ya duka la dawa inafanya kazi hiyo. Lavenda kwenye mafuta ya uso ni harufu na utulivu wa mtumiaji, basi, na hiyo nayo ni sababu ya halali ya kuitia.

Jingine: lavenda haiunguzi ngozi juani. Ndimu na bagamoti zilizokamuliwa maganda zinaunguza. Nimeona mapishi mengi yanayochanganya lavenda na ndimu eti "kusafisha madoa". Ukipaka hayo mchana ukatoka, unaweza kupata malengelenge, kisha weusi wa michirizi.

---

Mchanganyaji_Tanga

Losheni sasa, maana imeulizwa sana. Gramu 200:

Maji yaliyokenekwa 143, gliserini 8. Hiyo ni sufuria ya kwanza.
Mafuta ya parachichi au alizeti 24, siagi ya shea 8, nta ya kuunganisha mafuta na maji 12, setili alkoholi 2. Hiyo ni ya pili.
Mwishoni: kihifadhi (fenoksiethanoli iliyochanganywa na ethilihexiligliserini) 2, lavenda 1.

Pima sufuria ya maji na kilichomo kabla ya moto. Pasha zote mbili kwenye maji ya moto mpaka nyuzi 70 hadi 75, zikae hapo dakika 20. Pima tena ya maji, rudishia kilichopotea kwa mvuke kwa maji yaliyokenekwa ya moto. Mimina mafuta ndani ya maji, tumia blenda ya mkono kwa vipindi vifupi, dakika mbili tatu, kichwa chake kikiwa chini ya uso wa mchanganyiko ili usiingize hewa. Kisha koroga kwa mwiko mpaka ipoe chini ya nyuzi 40. Hapo ndipo kihifadhi na lavenda vinaingia. Pima pH kwa karatasi, lenga 5 hadi 5.5, shusha kwa asidi sitriki iliyoyeyushwa, tone kwa tone.

Yanayoharibika:

Imegawanyika siku ya pili, maji chini. Sufuria mbili zilikuwa na joto tofauti, au nta imepunjwa. Pia angalia kama nta yako ni ya kuunganisha kweli. Nta ya nyuki peke yake haishikanishi maji, na wauzaji wengine wanaiita jina hilohilo.

Ina chembechembe kama uji wa jana. Siagi ya shea ilipoa polepole. Ipashe mpaka iyeyuke yote, kisha poza haraka kwenye beseni la maji baridi huku unakoroga.

Harufu imepotea. Uliitia ikiwa moto.

Ukungu baada ya wiki tatu. Hukutia kihifadhi ukidhani lavenda inatosha. Haitoshi. Kwa asilimia 0.5 haizuii chochote, na vitamini E nayo si kihifadhi, inachelewesha mafuta kuchacha tu.

---

BintiPwani

Na ya kupulizia usoni? Nimeona watu wanatia matone kwenye maji wanatikisa.

---

Mchanganyaji_Tanga

Dada, hiyo ndiyo njia rahisi ya kuungua. Mafuta hayayeyuki kwenye maji, yanaelea. Ukipuliza mara ya kwanza unapata maji, mara ya kumi unapata lavenda tupu kwenye kope.

Tumia polisobeti 20 (hilo ni jina lake, ni kiyeyushi kinachoshikanisha mafuta na maji). Kwa gramu 100: lavenda 0.2, polisobeti 1. Vichanganye vyenyewe kwanza mpaka viwe kitu kimoja kinachong'aa, ndipo utie maji kidogo kidogo huku unakoroga, pamoja na kihifadhi. Yakiwa meupe kama maji ya mchele, ongeza polisobeti 0.2 kwa wakati mpaka yasafike. Afadhali zaidi nunua maji ya lavenda yenyewe, yale yanayobaki kwenye ukenekaji. Yana harufu ndogo na hayahitaji kuyeyushwa kitu. Hakikisha yana kihifadhi, na yakikaa na nyuzinyuzi ndani, mwaga.

Kwa beseni la kuogea ni hivyohivyo: changanya kwanza na sabuni ya maji isiyo na manukato, kijiko kimoja kwa matone 4.

---

Fundi_Sabuni_Moshi

Sabuni ya mche, njia ya baridi. Lavenda gramu 30 kwa kila kilo ya mafuta ya sabuni, ndiyo asilimia 3. Itie wakati mchanganyiko unaanza kuwa mzito kidogo, joto chini ya nyuzi 45. Kostiki soda inaivunja linalili asetati na kuigeuza linaloli, kwa hiyo harufu itabadilika na kupungua wakati wa kukauka wiki 4 hadi 6. Msitumie lavenda ya bei kubwa hapa. Lavandini Grosso inashika vizuri zaidi na kafuri yake inasuuzwa.

Maua makavu msiyachanganye ndani. Soda inayageuza kahawia, kila ua linazungukwa na duara chafu, na mteja anadhani ni kinyesi cha panya. Nyunyizeni juu tu, baada ya sabuni kushika, na hata hapo yatafifia.

---

Asha_wa_Vipodozi

Kipimo cha mzio tunafanyaje? Wengi wanapaka nyuma ya sikio nusu saa wanasema iko sawa.

---

Kemia_ya_Ngozi

Nusu saa inaonyesha muwasho wa papo hapo tu. Mzio wa manukato unachukua saa 48 hadi 96 kujitokeza. Fanya hivi: bidhaa iliyokamilika (si lavenda tupu), eneo la ukubwa wa shilingi mia ndani ya kiwiko, asubuhi na jioni, siku 7 mfululizo, mahali palepale. Ukiona vipele vidogo, ukavu wenye magamba au muwasho hata kidogo, acha. Kupita kipimo hiki kunamaanisha leo huna mzio. Unaweza kuupata baadaye, hasa ukitumia chupa ya zamani, na ukishaupata haurudi nyuma: utakuwa unasoma neno Linalool kwenye kila shampoo maisha yako yote.

Aliyekwisha kuwashwa: osha kwa sabuni isiyo na harufu, paka vaselini tupu, simamisha bidhaa zote zenye manukato, jikinge na jua ili doa lisikolee. Uso ukivimba au ngozi ikitoa maji, ni kwa daktari wa ngozi.

Mwenye pumu ya ngozi asitumie kabisa. Watoto wachanga hawahitaji manukato yoyote ngozini. Kuna ripoti ya 2007 ya wavulana watatu waliootesha matiti, waliokuwa wakipakwa bidhaa zenye lavenda au mti-chai. Uhusiano huo bado unabishaniwa na wataalamu, lakini mtoto hapotezi kitu akipakwa mafuta yasiyo na harufu. Na chupa ikae juu, mbali. Kunywa hata kijiko ni hatari kwa mtoto.

---

Msambazaji_NBO

Kwa wanaouza. Tanzania, usajili wa vipodozi upo TBS (shirika la viwango) tangu 2019, ulipohamishwa kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA. Kenya ni KEBS, shirika lao la viwango. Andikeni viungo vyote, namba ya bechi na tarehe.

Wanaopeleka Ulaya: linaloli lazima iandikwe kwa jina ikizidi asilimia 0.001 kwenye bidhaa ya kupaka, au 0.01 kwenye ya kusuuza. Piga hesabu: lavenda 0.5 yenye linaloli 35 inakupa 0.175. Umezidi mara 175, kwa hiyo hakuna losheni ya lavenda isiyopaswa kuiandika. Kanuni 2023/1545 imeongeza majina mengi, yakiwemo linalili asetati na mafuta ya lavenda yenyewe. Bidhaa mpya zinafuata orodha hiyo kuanzia tarehe 31 Julai 2026, zilizokwisha kuwa sokoni zina mpaka 31 Julai 2028. Usichapishe lebo elfu tano za zamani.

---

BintiPwani

La mwisho kwangu: nina chupa nusu, haina tarehe, inanuka vizuri tu. Nifanyeje?

---

Kemia_ya_Ngozi

Kama hujui ilifunguliwa lini, isiguse ngozi. Matone 10 kwenye kikombe cha magadi ya kuokea, kifuniko chenye matundu, weka kabatini kwenye nguo.